Taarifa za virusi zitolewe haraka, na wajibu wa wanaozitumia uandikwe kisheria

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie namna ya kugawana taarifa za virusi na manufaa yanayotokana nazo, jambo linalojadiliwa sana katika mikutano ya kimataifa ya Geneva na Montreal, ingawa mfano wake ulio wazi kuliko yote umetoka hapa kwetu Kivu ya Kusini, nchini Kongo (DRC), katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga.

Mlipuko wa mpox (ndui ya nyani) ulipoanza huko Septemba 2023, wataalamu wa taasisi yetu ya taifa ya utafiti, INRB, pamoja na wenzao wa nje, walisoma jenomu (maandishi yote ya jeni) za virusi vilivyochukuliwa kwa wagonjwa wakagundua tawi jipya la virusi vya mpox, ambalo baadaye lilipewa jina la Ib. Waligundua pia kwamba virusi hivyo vimepoteza kipande cha jenomu ambacho kipimo kimojawapo cha PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta jeni za virusi) kilikuwa kikikitafuta ili kulitambua tawi la kwanza, kwa hiyo maabara iliyotegemea kipimo hicho peke yake ingeweza kupotoshwa. Habari hiyo waliitoa hadharani mapema 2024. Tarehe 15 Agosti mwaka huo, siku moja tu baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kutangaza dharura ya kimataifa, Uswidi ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa tawi la Ib, na jenomu za Kamituga za kulinganishia zilikuwapo tayari.

Chanjo haikwenda kwa mwendo huo. Chanjo ya mpox iitwayo MVA-BN, ambayo Ulaya na Marekani zilikwisha kuwapa watu wao mwaka 2022, iliwasili Kinshasa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Septemba 2024, dozi zipatazo 99,000 za msaada, na uchanjaji ulianzia Goma tarehe 5 Oktoba. Ni zaidi ya mwaka mmoja tangu mlipuko wa Kamituga. Linaloniuma ni kwamba ucheleweshaji huo haukuvunja sheria yoyote, kwa kuwa hakuna iliyomlazimisha mtu kutulipa chochote kwa taarifa tulizotoa.

Wapo wanaosema dawa ya hali hii ni Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo nchi yetu ni mwanachama wake. Itifaki hiyo inamtaka anayetumia rasilimali za kijenetiki apate kwanza idhini ya nchi zinakotoka, kisha wapatane namna ya kugawana manufaa. Kwa mmea wa dawa wa msitu wa Ituri, ambao utakuwapo mwakani kama ulivyo leo, utaratibu huo unafaa. Kwa kirusi kinachosambaa, kusubiri kibali cha kila ofisi ya kila nchi ni hatari, na kuhusu dharura itifaki inasema tu kwamba nchi zizingatie hali hiyo. Isitoshe, haisemi waziwazi lolote kuhusu mfuatano wa jeni, yaani jenomu iliyoandikwa kama data, uliokwisha kuwekwa kwenye intaneti, na leo kiwanda kinaweza kutengeneza kipimo kwa kuusoma mfuatano huo bila kugusa sampuli hata moja. Kwa hiyo kibali kinamchelewesha mtafiti mwenye sampuli na kumwachia njia mwenye kompyuta.

Nawaelewa wanaotaka tufunge mlango. Indonesia ilizuia sampuli za mafua ya ndege mwaka 2007, ikilalamika kwamba chanjo zilizotokana nazo zingeuzwa kwa bei isiyoiweza, na malalamiko hayo ya haki ndiyo yaliyozaa utaratibu wa WHO wa mwaka 2011 kuhusu virusi vya mafua. Hata hivyo sikubali tuifuate njia hiyo. Vipimo vinavyotumika Bukavu na Uvira vinategemea hizohizo taarifa za pamoja. Tena Januari 2025, vita vilipofika Goma, Shirika la Msalaba Mwekundu lilitoa onyo juu ya sampuli zilizohifadhiwa katika maabara ya INRB mjini humo. Sampuli ikiharibika imekwisha. Jenomu iliyokwisha kuwekwa kwenye hifadhi ya pamoja inabaki.

Basi mlango ubaki wazi, lakini kwa masharti. Mfuko wa Cali uliozinduliwa Februari 2025 kwa ajili ya taarifa za kijenetiki za kidijitali unategemea hiari ya kampuni, na fedha zake ni za kuhifadhi viumbe, si za kununua chanjo. Mkataba wa WHO kuhusu magonjwa ya mlipuko, uliopitishwa tarehe 20 Mei 2025, umekwenda mbali zaidi: viwanda vitakavyoshiriki vitaiwekea WHO asilimia 20 ya dawa, chanjo na vipimo vinavyotengenezwa, na angalau nusu yake iwe bure. Lakini tusome vizuri. Asilimia hiyo ni ya dharura ya pandemia (ugonjwa unaoenea duniani kote), ngazi ya juu kuliko ile iliyotangazwa kwa mpox. Kwa dharura kama ile ya mpox, mkataba umeacha masharti yaandikwe kwenye kiambatisho.

Naiomba wizara yetu ya afya ieleze hadharani msimamo wake kuhusu kiambatisho hicho, na isimame na mataifa mengine ya Afrika kudai kwamba dharura ya ngazi ya mpox nayo iwe na kiwango cha dozi kilichoandikwa, na kwamba kampuni isizipakue taarifa hizo kabla ya kutia saini wajibu wake.

Mwalimu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu