Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vimefanyika, misiba tumesimama, eneo la kumbukumbu limefyekwa. Hayo mnayajua.

Nizungumzie jiwe la kumbukumbu la kijana wetu aliyefia Burma mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, maana maneno yamekuwa mengi kuliko michango.

Wapo wanaouliza kwa nini hatukuandika “alijitolea”. Hakujitolea. Serikali ya kikoloni ilitaka vijana, watemi, yaani machifu wetu, wakatakiwa kuwatoa, naye akachukuliwa. Alikufa katika bonde la Kabaw, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ya jeshi la Mwingereza, ikishuka kuelekea Kalewa kwenye matope na malaria. Kaburi lake halijulikani. Jina liko kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, pamoja na majina mengine karibu 27,000. Kumwandikia kwamba alikwenda kwa hiari yake ni kumwonea mara ya pili. Msimamo huo niliushikilia mimi kwenye kamati, na leo ningeushikilia tena.

Wengine wamekasirika kwamba majina ya wachangiaji hayapo. Jiwe letu la Mwanza lina chembe kubwa: herufi ikiwa chini ya sentimita 3, kingo zinamegeka, hasa kwenye A na R. Jiwe la sentimita 60 kwa 40, ukiacha pambizo na nafasi kati ya mistari, linabeba mistari sita tu. Tumeweka namba ya jeshi, cheo na jina, kikosi, tarehe, alikofia, alikozaliwa. Mstari upi mlitaka ufutwe?

Jina tumeliandika kama linavyotamkwa nyumbani. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. “Ng'w” ikapotea, L ikawa R. Ndiyo maana namba imetangulia: anayetafuta kwenye daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola aanze na namba, jina litampoteza.

Fundi alitaka kutumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha. Nilikataa, kwa sababu tope lake huzuia saruji kushika na jiwe huachia msimu wa mvua. Msingi ni zege la 1:3:6, yaani saruji, mchanga na kokoto.

Wanachama tuko 58. Waliolipa ada ya 24,000 ni 21, yaani 504,000, michango ya jiwe 730,000, matumizi 1,180,000, salio 54,000. Siku ya Mashujaa, Julai 25, tulipozindua, walifika 17. Ndugu wa marehemu walikuwa wengi kuliko sisi. Inauma sana, na baadhi ya waliokosekana ndio wanaolalamikia chakula kilichokosekana. Fedha ya chakula ndiyo iliyonunua jiwe.

Mwakani, Mungu akijalia, tuangalie namna ya kuwakumbuka wapagazi waliochukuliwa huku wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Wengi hawakuandikwa majina, kwa hiyo tutaanza na wazee.

Vitabu viko kwa mhazini. Anayedaiwa aonane naye kabla ya uchaguzi kuanza.