Umenunua mazabodi ya zamani? Usiichomeke kwenye umeme kwanza

Kila baada ya muda tunaletewa mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kuukuu iliyofia mikononi mwa mtu aliyeipenda. Kisa huwa kilekile. Ameipata kwa muuza vyuma chakavu au kwenye mnada wa ofisi, amefika nayo nyumbani usiku, hamu imemjaa, akachomeka pawa saplai ya kwanza aliyoiona na kuwasha. Cheche, harufu ya kuungua, kisha kimya. Bodi ilikuwa imelala miaka ishirini ikiwa nzima, au ikiwa na ubovu mdogo tu. Kilichoiua ni zile sekunde 2 za umeme.

Kwa hiyo tukipigiwa simu na mtu anayesema "fundi, nimepata 486, nifanyeje?" (yaani bodi yenye prosesa ya zamani ya aina hiyo) jibu letu la kwanza ni hilohilo: usiiwashe. Iangalie, isafishe, ipime. Umeme uje mwisho.

Wapo wanaotuuliza faida ya kuhangaika na kitu ambacho hata simu ya bei rahisi inakizidi kwa mbali. Sisi tunaiona faida. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na milango ilikuja kufunguka kwelikweli miaka ya 1990. Ndiyo maana bodi za 386 na 486 unazozikuta leo Dar es Salaam ni za kizazi ambacho wengi wetu tulikiona kwa macho: kompyuta ya kwanza ya ofisi, iliyofunikwa kitambaa jioni kama cherehani. Kuirudishia uhai mojawapo ni kazi yenye heshima.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja, mhasibu mstaafu, na boksi la viatu. Baada ya shikamoo na marahaba akalifungua taratibu. Ndani, ndani ya gazeti, mlikuwa na bodi ya 486 aliyoichukua ofisini kwao vifaa vya zamani vilipokuwa vinatupwa. "Hii ndiyo niliyojifunzia kazi," akasema. "Nataka nione ikiwaka tu, hata mara moja."

Kwenye kona, karibu na tundu kubwa la mviringo la kibodi, palikuwa na betri ndogo yenye umbo la pipa, ya buluu. Ni betri ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6, iliyowekwa kutunza saa na mipangilio kompyuta ikiwa imezimwa. Bodi za enzi hizo nyingi zinayo, na ndiyo adui wao mkubwa. Ikizeeka inavuja. Kinachovuja ni alkali kali, jamaa ya magadi, na hakiishii pale kilipodondokea: kinatambaa chini ya ile rangi ya kijani ya bodi na kula njia za shaba moja baada ya nyingine. Kwa mzee, ukungu wa kijani na mweupe ulikuwa umeenea kama upana wa vidole vitatu, hadi kwenye miguu ya chipu inayosimamia kibodi. Huo ndio ugonjwa wa kawaida: bodi inawaka, picha inakuja, lakini kibodi haikubali.

Tulianza kwa kuikata betri na kuitoa kabisa. Alkali huzimwa na asidi, kwa hiyo dawa yake ni siki nyeupe ya dukani, kidogo kidogo, kwa mswaki laini. Ukisugua utaona povu dogo likitoka; likikoma, alkali imekwisha. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaacha siki ikaukie papo hapo, nayo inaanza ulaji wake. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, kisha pitisha spiriti ya isopropili, kisha acha bodi ikauke siku nzima mahali penye hewa. Sisi huiacha siku 2.

Ikishakauka inakuja kazi ya macho na mita. Weka mita kwenye mlio, gusa mwanzo na mwisho wa kila njia iliyopita kwenye ukungu. Ikilia, njia ni nzima. Kwenye bodi ya mzee njia 5 hazikulia. Tulikwangua rangi pole pole kwa ncha ya wembe mpaka shaba nzima ikaonekana pande zote mbili, tukapaka fluksi, dawa ya kusaidia risasi ishike, tukaruka pengo kwa uzi mwembamba wa waya. Kazi hii haitaki haraka wala mkono unaotetemeka. Ilituchukua Jumamosi mbili.

Kuhusu betri mpya, tafadhali soma hapa mara mbili. Usibandike betri bapa ya CR2032 mahali pa lile pipa ukaridhika. Bodi ile ilitengenezwa kuchaji betri yake, na CR2032 haichajiwi. Ukiilazimisha inaweza kuvuja au kupasuka. Lazima uweke dayodi inayoruhusu umeme kutoka kwenye betri na kuuzuia kurudi. Ni kipande cha bei ndogo kuliko soda. Bodi nyingine zina pini 4 za betri ya nje, na hizo ni rahisi zaidi, ilimradi jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini, ihamishwe ipasavyo.

Halafu pawa saplai. Zile za zamani za AT zina plagi mbili, P8 na P9, zinazokaa bega kwa bega kwenye bodi, na hakuna cha kukuzuia kuzibadilisha nafasi. Kanuni ni moja: nyaya nyeusi zikutane katikati. Niliwahi kuzichomeka kinyume nilipokuwa najifunza, na bodi ile haikuwaka tena. Tangu siku hiyo huwa nazishika nyaya nyeusi kwa vidole na kuzitaja kwa sauti kabla sijagusa swichi. Kumbuka pia kwamba swichi ya mbele ya makasha hayo hupitisha umeme wa ukutani wenyewe, volti 230. Kama hujui umeme, sehemu hiyo mwachie fundi.

Mzee aliitwa Jumamosi ya pili. Tukawasha. Spika ikatoa mlio mmoja mfupi, skrini ikaja, na kumbukumbu ikaanza kujihesabu, namba zikipanda polepole kwenye kona ya juu. Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio. Kibodi ikakubali.

Bodi za miaka ya 2000, za Pentium 4 na Core 2 Duo, zina maradhi mengine. Kati ya takriban 1999 na 2007 kapasita nyingi, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, zilizotoka viwandani zilikuwa na kimiminika kibovu ndani. Tazama vichwa vyao, hasa zile zilizozunguka prosesa: vinatakiwa kuwa bapa kabisa. Kimoja kikituna au kikiwa na utando wa kahawia, badilisha kundi zima, usibadilishe moja. Chukua zilizoandikwa 105°C na za ukinzani mdogo, kwa uwezo uleule na volti ileile au zaidi kidogo. Za kawaida za redio hazifai hapo, hata zikiwa na namba sawa.

Kwenye Pentium 4 za soketi 478, usivute hitisinki, kile chuma cha kupooza prosesa, kwa nguvu. Grisi iliyokauka hushika kama saruji, nayo prosesa hung'oka na pini zake zikapinda. Ipashe moto kwanza kwa draya ya nywele, kisha izungushe kushoto na kulia mpaka iachie. Na ukipata bodi ya chipu ya G41 inayotumia DDR3 ikakataa RAM ya GB 4 unayojua ni nzima, hesabu chipu zilizo kwenye RAM hiyo. Bodi hizo hutaka yenye chipu 16. Zile mpya zenye chipu 8 hazielewi. Watu wametupa bodi nzima kwa sababu hiyo tu.

Ukienda kununua, omba picha ya karibu ya sehemu ya betri, ya kapasita, na ya soketi. Kama muuzaji anatuma picha ya mbali tu, uliza tena. Neno "haijajaribiwa" lichukulie kuwa ni mbovu na ulipe bei ya mbovu. Bodi iliyokaa Tanga, Unguja au hapa Dar ichunguze kutu zaidi, maana hewa ya chumvi haina huruma na miguu ya chipu. Ikija na prosesa na RAM zake, ongeza kidogo. Kuzitafuta kimoja kimoja huchosha. Diski usiisumbukie. Bodi nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 hazioni diski kubwa kuliko takriban MB 504, na kadi ndogo ya CompactFlash kwenye adapta ya IDE, plagi ya diski za enzi hizo, inafanya kazi vizuri, bila kelele.

Kwetu, kuitazama bodi na kukwambia ukweli hatutozi. Tukiona haifai tutakwambia kabla hujatoa hela. Tukiona inafaa tunakubaliana bei kwanza, na ukipenda unakaa na kuangalia tunavyofanya. Kazi za namna hii tunazifanya Jumamosi kuanzia saa 4 asubuhi, wateja wa laptopu wakiwa wachache. Ilete ndani ya ule mfuko wa kijivu wa kuzuia umeme tuli, au gazeti na boksi gumu, si nailoni. Na pawa saplai unayotaka kuitumia ilete pia, tuipime kabla ya bodi: laini ya 12 isome kati ya volti 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25.