Skanki chini ya baraza: barua kwa Hamisi

Juni 18

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia shemeji na watoto hawajambo na kwamba kuku wameanza kutaga huko Ohio. Najibu upesi kwa sababu ya yale maneno yako ya mwisho, kwamba umeshanunua saruji na Jumamosi unaziba lile tundu chini ya baraza la mbao unaloshuku ni la skanki, yule mnyama mdogo mweusi mwenye milia mieupe anayepuliza majimaji yanayonuka vibaya. Tafadhali usilizibe. Si mwezi huu.

Skanki jike hupandwa Februari au Machi, hubeba mimba kwa miezi miwili au zaidi kidogo, na huzaa kati ya mwanzo wa Mei na mwanzo wa Juni. Kwa kawaida ni watoto wanne hadi sita. Kwa hiyo kama aliye humo ni jike, sasa hivi ana vitoto visivyoweza kutoka vyenyewe. Ukiziba mama akiwa nje, watoto watakufa chini ya sakafu yenu, mtanusa mizoga wiki nzima, na mama atachimba usiku kucha kuwatafuta. Ukiziba akiwa ndani, atapuliza. Hunyonyesha wiki sita hadi nane, na ifikapo Julai utawaona wakimfuata usiku kwa mstari. Kazi ya kuziba ianze katikati ya Agosti na imalizike kabla baridi haijaingia, maana majira ya baridi hujikusanya shimoni na huweza kukaa ndani wiki kadhaa bila kutoka. Kuvumilia miezi miwili ni vigumu, najua, hasa ukiwa na watoto wadogo, lakini skanki asiyeshtuliwa hana sababu ya kupuliza. Kabla ya kupuliza hutoa onyo: hupiga miguu ya mbele chini, huinua mkia, hujikunja hadi uso na makalio vikuelekee pamoja. Ukiona hivyo, rudi nyuma polepole bila kelele. Analenga vizuri kabisa hadi mita 3.

Hata hivyo, hakikisha kwanza ni yeye. Mashimo mengi ya mashambani huko huchimbwa na wanyama wengine, na skanki hurithi tu. Tia tunduni gazeti lililokunjwa kunjwa, bila kulishindilia, kisha mwaga unga kidogo mbele yake. Gazeti likikaa vilevile siku tatu katika majira haya, tundu ni tupu. Likisukumwa, utasoma nyayo kwenye unga: vidole vitano, na kucha ndefu za mbele zimeacha alama mbali na vidole. Nywele nyeusi na nyeupe kwenye ukingo wa mbao ni ushahidi mwingine.

Wakati unasubiri, ondoa kilichomleta. Vile vishimo vidogo vya umbo la faneli ulivyoviona kwenye nyasi ni vyake. Anatafuta funza weupe, mabuu ya mbawakawa, na kwa kazi hiyo anakusaidia. Unaponywesha nyasi kupita kiasi, funza hupanda karibu na uso wa ardhi, naye huja kula kila usiku, basi punguza maji. Chakula cha mbwa kiingizwe ndani kabla ya jua kuzama, pipa la taka lifungwe kifuniko kinachobana, na matunda yaliyoanguka yaokotwe. Chombo cha kulishia ndege pia ni mwaliko: mbegu zinazodondoka huleta panya, na panya humleta skanki.

Kwenye banda la kuku, yai lililoliwa na skanki mara nyingi hubaki pale pale kwenye kiota au jirani yake, limefunguliwa upande mmoja na kingo za gamba zimeingizwa ndani. Hapandi vizuri, kwa hiyo viota vikiinuliwa sentimita 60 hivi kutoka chini, umemshinda. Hupita chini ya ukuta au mlango ulioachwa wazi. Okota mayai jioni, funga mlango jua linapozama, na uzungushie banda wavu kama nitakavyokueleza wa baraza.

Mizinga yako ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Umeandika kwamba nyuki wamekuwa wakali ghafla. Kaangalie mbele ya mlango wa mzinga: kama nyasi zimekwaruzwa na kuna matope ya nyayo kwenye ubao, skanki anakuja usiku, anakwaruza, nyuki wanatoka kuangalia, anawala mmoja mmoja. Anaweza kurudi usiku baada ya usiku hadi kundi lidhoofike. Inua mizinga juu ya stendi ya sentimita 60 hadi 90. Akilazimika kusimama kwa miguu ya nyuma, tumbo lake lenye manyoya machache linakuwa wazi, na nyuki watamfunza adabu wenyewe. Kama huwezi kuinua sasa, laza mbele ya mzinga kipande cha waya wa kuku; hapendi kukikanyaga.

Sasa baraza. Umesema ni mita 4 kwa 3, na upande mmoja mrefu umeshikana na nyumba. Pande tatu zilizo wazi ni mita 10. Nunua wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi na upana wa sentimita 90. Roli la mita 15 litatosha pamoja na viungio. Siku kadhaa kabla ya kuchimba piga 811, waje kuweka alama za nyaya na mabomba bila malipo. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 na upana huohuo kuelekea nje. Sentimita 30 za wavu zipigiliwe kwenye mbao kwa misumari ya U kila baada ya sentimita 15, 30 zishuke ardhini, na 30 za mwisho zikunjwe zilale nje, mbali na baraza. Mkunjo huo ndio kazi yote: mnyama huchimba akiwa amejibana na ukuta, akikuta chuma hujaribu tena palepale, hafikirii kurudi nyuma. Wengi huukunja kwa ndani, au hushusha wavu wima tu, na mwezi unaofuata tundu liko palepale. Kwenye kona za baraza wavu uliokunjwa huacha pengo la mraba. Liwekee kipande chake. Viungio vipishane sentimita 10.

Ziba kila mahali ila tundu analotumia. Hapo weka mlango wa kutoka bila kurudi: kipande cha wavu kikubwa kuliko tundu, kimening'inizwa kwa bawaba juu, kinafunguka kwa nje na chini kinagusa ardhi. Akisukuma anatoka, akirudi kinambana. Mwaga unga pande zote mbili na uache siku tatu mfululizo. Nyayo za kutoka zikikoma na ndani kukabaki safi, toa mlango, malizia wavu. Ukiona nyayo ndogo kwa ndani, fungua mara moja, bado kuna mtoto.

Watu watakushauri uweke nafthalini (vile vidonge vya kufukuzia nondo) au sumu. Kataa vyote viwili. Mvuke wa nafthalini utapanda hadi chumbani kwa watoto, na sumu itamwua mbwa wa jirani. Mtego wa kizimba nao usiuharakie. Ohio hairuhusu kumnasa skanki msumbufu na kwenda kumwachia kwingine. Ni kumwachia papo hapo au kumwua kwa njia ya huruma. Ukifika huko, muite mtegaji mwenye leseni.

Sababu kubwa ya sheria hiyo ni kichaa cha mbwa, maana skanki ni miongoni mwa wanyama wanaokibeba Marekani. Kuonekana mchana peke yake si ugonjwa, mama anayenyonyesha hutoka kutafuta chakula. Lakini akiyumba, akikufuata, au asikuogope kabisa, ingiza watoto ndani na piga simu kwa idara ya wanyamapori. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa wako achanjwe wiki hii kama bado.

Na mbwa akipulizwa, achana na juisi ya nyanya. Pua inachoka tu, harufu iko palepale. Mwaka 1993 mkemia Paul Krebaum alitoa mchanganyiko unaofanya kazi kweli: lita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, robo kikombe cha bikaboneti ya soda (si bekingi pauda), na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji ya vyombo. Changanya kwenye ndoo iliyo wazi, utumie ukiwa bado unatoa povu. Usimloweshe mbwa kwanza. Vaa glavu, msugue, linda macho, acha dakika 5, suuza. Manyoya meusi yanaweza kufifia kidogo. Kinachobaki mwaga, ukikifungia kwenye chupa, oksijeni itaipasua. Harufu ikirudi kidogo mbwa akinyeshewa, usishangae: sehemu ya majimaji yale haina ukali mwanzoni, hugeuka kuwa harufu inapokutana na maji. Rudia tu. Ila akilegea, fizi zikipauka au mkojo ukawa mweusi, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Niandikie ukishaweka gazeti tunduni, uniambie na upana wa tundu lenyewe. Saruji itunze mahali pakavu, itafaa kwa stendi za mizinga. Msalimie sana shemeji.

Wako,
Salim