Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Kanuni za Moshi wa Tumbaku Zinasubiri Saini Yako

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KANUNI ZA SHERIA YA UDHIBITI WA TUMBAKU AMBAZO HAZIJATIWA SAINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima na ukipumua bila taabu, jambo ambalo mimi sijaliweza sawasawa tangu Ijumaa iliyopita.

Mimi ni mhudumu wa mgahawani. Sijawahi kuvuta sigara, na nina pumu. Jioni ya Ijumaa hiyo, meza iliyo chini kabisa ya tangazo la “Hairuhusiwi Kuvuta Sigara” ilikuwa imejaa wateja, karibu kila mmoja na sigara yake, na mmoja wao aliniita kwa adabu kabisa akaniomba nimletee kisahani kingine cha majivu kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimefurika vipisi. Tangazo lenyewe, Mheshimiwa, ungeliona ungesikitika. Lilikuwa jeupe lilipobandikwa. Leo ni la manjano iliyokolea, isipokuwa kipande kidogo kwenye pembe ambako gundi imeachia na karatasi imejikunja, na kilicholifanya liwe la manjano ni moshi wa sigara zile zile linazozikataza.

Kisahani nilikipeleka, maana kazi ni kazi. Kabla sijafika jikoni kifua kilikuwa kimebana kiasi kwamba pampu yangu ya pumu haikufua dafu, nikaishia chumba cha dharura nikivutishwa dawa kwa mashine ya mvuke, na daktari akaniuliza swali ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuulizwa kwenye ofisi yako: kwa nini ninafanya kazi ndani ya moshi ilhali sheria ilishaupiga marufuku?

Nilipopata nafuu nilikwenda kwa afisa afya wa eneo letu kupeleka malalamiko. Alinisikiliza vizuri, simlaumu. Kisha alivuta droo, akatoa kitabu cha stakabadhi za faini na kunipitisha ukurasa kwa ukurasa: kuna faini ya kutupa taka ovyo, kuna ya vyoo vichafu, kuna ya kuuza chakula kilichoharibika, ya moshi wa tumbaku haimo. Akanieleza kwamba sheria inakataza kuvuta sigara ndani ya maeneo ya umma na ya kazi, ila inasema mkosaji ataadhibiwa “kama itakavyoelekezwa katika kanuni”, na kanuni hizo hutungwa na Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Rasimu iliandikwa, wanasheria wakaipitia, ikapelekwa mezani kwako, na huko ndiko ilikolala. Kwa hiyo afisa huyo anachoweza kufanya kwa mujibu wa sheria ni kuingia mgahawani kwetu, akohoe pamoja nami, kisha aage.

Nisingethubutu kukukumbusha ahadi yako kama usingeitoa mwenyewe mbele ya kadamnasi. Tarehe 31 Mei ya mwaka jana, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, ulisimama mbele ya wanafunzi waliovalishwa fulana nyeupe ukasema, na redio zikatangaza, kwamba kanuni zingekuwa tayari ndani ya miezi mitatu. Tarehe hiyo hiyo ya mwaka huu ulisimama tena, fulana zilikuwa mpya, na safari hii ulisema mchakato uko katika hatua nzuri. Nakupongeza kwa fulana.

Naomba unielewe kwamba siandiki haya kwa sababu harufu ya sigara inanikera. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilieleza wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara za wengine kinachoweza kuitwa salama, na kwamba asiyevuta anayeishi au kufanya kazi ndani ya moshi huo anaongeza hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni 1 ambao hawakuwa wavutaji. Hao wa mwisho ndio ninaowawaza ninapofunga aproni yangu. Mwenzangu ninayepokezana naye zamu ni mjamzito, na inafahamika kwamba mama anayevuta moshi wa wengine yumo hatarini kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Naye hana pa kuhamia, kwa kuwa meza anazohudumia zimo katika kile ambacho mwajiri wetu anakiita “upande wa wavutaji”.

Upande huo umetenganishwa na upande mwingine kwa chungu cha maua. Nimeambiwa na meneja kwamba hilo linatosha, kwamba kuna feni mbili za dari na kiyoyozi, na kwamba asiyetaka moshi akae ng’ambo ya maua. Feni hizo, Mheshimiwa, hazifanyi lolote zaidi ya kuuchukua moshi wa meza moja na kuugawa kwa meza zote kwa usawa ambao laiti tungeuona katika mambo mengine ya nchi hii. Wala hili si wazo langu la kujitungia. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, ambao sisi pia tumeuridhia, unatutaka katika Ibara ya 8 tuwakinge watu dhidi ya moshi katika maeneo ya kazi ya ndani, usafiri wa umma na maeneo ya umma yaliyofunikwa. Mwongozo wa utekelezaji wa ibara hiyo, uliokubaliwa na nchi wanachama mwaka 2007, unasema kwamba feni, vichujio vya hewa na vyumba maalumu vya wavutaji havimkingi mtu, na kwamba kinga ni eneo zima kutokuwa na moshi kwa asilimia 100. Unazipa nchi miaka mitano kulitimiza hilo tangu Mkataba uanze kutumika kwao. Miaka yetu mitano iliisha zamani sana, wakati wewe bado hujawa waziri, kwa hiyo hilo moja nakusamehe.

Mwongozo huo huo unasema jambo ambalo nililisoma mara mbili kwa mshangao. Unamtaka mwenye eneo au msimamizi wake abandike matangazo, ahakikishe watu hawavuti, na aondoe visahani vya majivu. Umevitaja hivyo hivyo, visahani. Kuna watu waliokaa kwenye mkutano wa kimataifa wakafikiria hadi kisahani kilicho mkononi mwangu, na hapa kwetu hajapatikana wa kufikiria hadi ukurasa mmoja wa kitabu cha stakabadhi.

Najua utaambiwa, pengine umeshaambiwa, kwamba biashara zitakufa. Wenye migahawa na baa walisema hivyo hivyo nchini Ireland kabla ya tarehe 29 Machi 2004, siku nchi hiyo ilipokuwa ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji katika maeneo yote ya kazi ya ndani, baa zikiwamo. Wavutaji walitoka nje kuvuta, wakarudi ndani kunywa, na wahudumu wakapata hewa. Waziri wa Afya aliyelisimamia jambo hilo, Micheál Martin, hakumalizwa kisiasa na wenye baa. Mwaka 2020 alikuwa Waziri Mkuu. Nalitaja hili kwa makusudi, endapo washauri wako wanahesabu kura.

Wengine wanasema unaogopa kushtakiwa na kampuni za tumbaku. Sina uhakika, ila nikikaa na kufikiri kwa nini karatasi inaweza kulala mezani muda wote huu, hofu hiyo naiona kuwa na mantiki kuliko sababu nyingi ninazozisikia. Kama ndivyo, basi itazame Uruguay, nchi ndogo ambayo mwaka 2006, chini ya Rais Tabaré Vázquez, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa saratani, ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo yote ya umma ya ndani, kisha ikazitaka pakiti za sigara zifunikwe na maonyo ya kiafya kwa asilimia 80. Mwaka 2010 Philip Morris, kampuni ya sigara, waliishtaki kwa sababu ya pakiti hizo mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa. Mwaka 2016 walishindwa, wakaamriwa kuilipa Uruguay gharama za kesi. Na pakiti ni jambo zito kuliko ninaloliomba mimi, kwa sababu linagusa nembo za biashara zao. Mimi naomba tu mtu akavutie nje.

Yapo na maneno mengine ambayo nayasikia mezani ninapohudumia, maana mhudumu hana masikio machoni pa wateja. Nayasikia ya semina zinazogharimiwa, ya misaada ya madawati yenye picha gazetini, ya wataalamu wa kampuni kuombwa “maoni ya wadau” juu ya rasimu inayowahusu. Sina ushahidi kwamba yamefika mezani kwako na simtuhumu mtu. Ila Ibara ya 5.3 ya Mkataba inazitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta ya tumbaku, na ningefurahi kusikia ukitangaza hadharani ni vikao gani vimefanyika juu ya kanuni hizi na nani alikaa upande wa pili wa meza. Kama hakuna kilichofanyika, tangazo hilo litakuwa fupi na halitakuchosha.

Suala la mapato silifahamu kwa undani na sitajifanya mtaalamu. Ninachofahamu ni kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi zifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja ya sigara, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati bei ikipanda kwa asilimia 10 matumizi hushuka kwa takriban asilimia 5, ndiyo kusema Hazina inaweza kukusanya zaidi huku wavutaji wakipungua. Anayekuambia kwamba afya yangu na bajeti ya serikali haviwezi kukaa pamoja anakudanganya, au amedanganywa yeye kwanza.

Wala sina ugomvi na wavutaji. Nikotini ni uraibu, na wengi wa wateja wangu walianza wakiwa vijana, kwa sigara moja moja zinazouzwa kwa reja, ambazo Mkataba huo unazitaka nchi zijitahidi kuzikataza; sasa wanataka kuacha na hawajui waanzie wapi, kwa kuwa huduma za kuwasaidia hazionekani. Hata hilo, kama sijakosea, limo kwenye rasimu yako. Kila nikigusa jambo nalikuta limo kwenye rasimu yako. Sheria ni kisu, Mheshimiwa, na mpini wake umeushika wewe. Sisi tunaofanya kazi ndani ya moshi tumeachiwa makali.

Nilitaka niorodheshe mengi: mwenye eneo atozwe faini yeye kabla ya mvutaji, ili meneja asinitume tena na kisahani, “upande wa wavutaji” ufutwe kila mahali, maafisa afya wapewe vitabu vipya na ruhusa ya kukagua usiku, saa ambazo moshi unakuwa mwingi na maofisa wengi wamelala, shisha isiachwe nje ya kanuni kwa kisingizio cha ladha ya matunda. Lakini nimeona nikiomba mengi nitaundiwa kamati. Kwa hiyo naomba moja. Naomba utie saini kanuni. Kama zina kasoro, zitie saini kisha uzirekebishe, kwa sababu kanuni yenye kasoro afisa wetu anaweza kuitumia Jumatatu asubuhi, na rasimu isiyo na kasoro hawezi kuitumia kamwe. Tia saini.

Mimi nimesharudi kazini. Daktari alinipa mapumziko ila mwajiri wangu hayalipi, na dawa ninazotumia sasa zimeongezeka baada ya usiku ule, hivyo siku ninazokaa nyumbani kupumua vizuri ndizo siku ninazokosa hela ya kununulia cha kunisaidia nipumue. Jina langu nimelihifadhi kwa sababu kazi hii, kwa moshi wake wote, bado naihitaji.

Sihitaji kujibiwa. Endapo karani wako ameshaanza kuandaa ile barua ya kunijulisha kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi, naomba asijisumbue kukuletea. Kalamu ambayo ungeitia saini barua hiyo itie saini kanuni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa mgahawani