Wanaopanga foleni ya bunduki nawafahamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu ile makala ya kimataifa mliyoitoa Jumapili, iliyouliza kwa nini Wamarekani wakisikia watu wameuawa kwa bunduki shuleni au kanisani, kesho yake wanakwenda kununua bunduki zaidi. Mwandishi wenu alimaliza kwa kusema wenzetu wale wameizoea damu. Kijiweni kwetu hapa Tabata Kimanga gazeti lilipita mikono sita na wote wakamuunga mkono. Mzee wetu mmoja akaongeza kuwa wamerogwa. Mimi nilikuwa na kashata mdomoni, sikujibu. Najibu leo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, magrili ya madirisha, milango ya chuma ya maduka, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtu anayeuza kinga anaijua hofu ya watu kuliko askofu au shehe, kwa sababu kwake hofu inakuja na advansi. Mteja aliyetulia anapatana bei wiki nzima. Mteja aliyeogopa anauliza kitu kimoja tu: "Fundi, leo utamaliza?"

Septemba 2022, panya road walipokuwa wanaingia majumbani na mapanga, nilipokea oda kumi na moja za grili ndani ya siku nane. Kijana wangu na mimi tulichomelea mpaka macho yakawa kama tumetiwa mchanga. Nyumba nyingine hazikuwa hata na mlango wa maana wa mbele, lakini mwenye nyumba anataka nondo dirisha la chooni. Nilimwambia mama mmoja kwamba dirisha lile hata paka hapiti. Akanijibu, "We weka tu, baba, nilale."

Mwandishi wenu hakosei kusema kwamba watu hukimbilia kinga baada ya tukio. Anakosea pale anapodhani tukio lenyewe ndilo linalowakimbiza. Agosti 25, 2021, yule mtu alipoua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na ubalozi wa Ufaransa, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, jiji zima lilitetemeka na video zilikuwa kwenye kila simu. Mimi simu yangu haikulia hata mara moja. Wiki nzima. Tukio kubwa kuliko lile sijaliona hapa mjini, na sikuuza hata bawaba. Wala sikusikia kwamba kuna foleni ya kununua bastola, maana huku kwetu ombi la silaha linaanzia serikali ya mtaa, linapita kwenye kamati za ulinzi na usalama mpaka polisi. Mtu akifika mwisho wa safari hiyo, hofu iliyomtoa nyumbani imeshapoa.

Sasa twende Marekani. Desemba 14, 2012, katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, kijana mmoja aliua watoto 20 na watu wazima 6. Kule mwenye duka la bunduki lenye leseni lazima kwanza aulize kwenye mfumo wa FBI kama mnunuzi ana kizuizi cha kisheria, utaratibu ulioanza 1998. Daftari la taifa la mauzo hakuna, kwa hiyo wanaofuatilia biashara hiyo huhesabu maulizo. Si kila ulizo ni bunduki moja, ila ndiyo mizani iliyopo. Desemba ile maulizo yalikaribia milioni 2.8, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Desemba 2015, mwezi ambao watu 14 waliuawa San Bernardino, California, yakapita milioni 3.3.

Msomaji atasema hofu ndiyo hiyo. Asubiri kidogo. Oktoba 1, 2017, mtu alikaa ghorofa ya 32 ya hoteli mjini Las Vegas akawamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki. Waliokufa, ukiwahesabu na waliofariki baadaye kwa majeraha, ni 60. Hakuna mtu mmoja mwenye bunduki aliyeua wengi hivyo katika Marekani ya siku hizi. Kama ni damu inayouza bunduki, mwezi ule maduka yangebaki kuta tupu. Lakini maulizo ya Oktoba 2017 yalikuwa machache kuliko ya Oktoba 2016.

Tofauti ilikuwa Ikulu. Sandy Hook na San Bernardino zilimkuta Barack Obama, ambaye baada ya misiba hiyo alisimama akadai sheria kali zaidi. Las Vegas ilimkuta Donald Trump, na hakuna mpenda bunduki aliyeamini kwamba huyo atamnyang'anya kitu. Kilichokwisha madukani baada ya Las Vegas ni kifaa kimoja kidogo, kile alichotumia muuaji kufanya bunduki ya kufyatua moja moja iteme mfululizo. Hicho kilinunuliwa mpaka kikaadimika, kwa sababu hicho ndicho hasa wanasiasa walichosema kitapigwa marufuku. Na kweli kilipigwa marufuku 2019, ingawa Mahakama ya Juu ilikuja kuifuta amri hiyo 2024.

Kwa hiyo mnunuzi yule, Mhariri, hakimbii muuaji, anakimbizana na sheria. Anataka kuwahi kabla mlango haujafungwa. Ndiyo maana wauza bunduki wenyewe walimtania Obama kwamba ndiye mwenzao anayewauzia vizuri kuliko wote. Alipoondoka biashara ikalegea, na Machi 2018 Remington, kampuni iliyoanza 1816, ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai.

Nani kati yetu hajafanya hivyo? Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, mke wangu, ambaye kwa mwezi hamalizi kilo mbili, alirudi na kilo kumi kwenye bajaji. Alizinunua kwa Mangi kwa shilingi 4,500 kila moja, akashukuru. Tuliziweka chini ya kitanda. Sisimizi walizigundua kabla yetu. Na kilichomtoa nyumbani hakikuwa ukosefu wa sukari, kopo letu lilikuwa limejaa nusu. Alisikia jirani akisema, "Wiki ijayo haitakuwepo kabisa." Neno hilo lilimtoa mbio na kanga ya kichwani haijakaa vizuri. Sasa mwambie Mmarekani kwamba kuna aina ya bunduki ambayo babu yake aliweza kununua, yeye anaweza, na mwezi ujao huenda mwanawe asiweze. Hapo katikati ana katiba iliyotiwa kifungu cha silaha mwaka 1791, ambacho anakikariri kama sala. Atabaki nyumbani?

Na kama sukari yetu, kilichoogopwa mara nyingi hakiji. Aprili 17, 2013, miezi minne baada ya watoto wale kuzikwa, Seneti ya Marekani ilipiga kura kuhusu kupanua ukaguzi wa wanunuzi. Zilipatikana kura 54, zilitakiwa 60. Pendekezo la kupiga marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi lilipata 40 tu. Bunduki zilikuwa zimeshafika majumbani, na marufuku haikutokea.

Nisije nikajifanya mjuzi wa kila kitu. Mwaka 2020 Trump alikuwa bado Ikulu na maulizo yalikaribia milioni 40, kwa sababu ya korona na vurugu za mitaani. Ile ilikuwa hofu ya mama wa dirisha la chooni. Hofu zote mbili, ya hatari na ya sheria, zipo na mtu mmoja anaweza kuwa nazo siku moja. Lakini inayosubiri hotuba ya mwanasiasa ndiyo inayofuata mauaji ya shuleni, na makala yenu haikuigusa.

Kuna waliolijua hilo. New Zealand, Machi 15, 2019, mtu aliwaua waumini 51 katika misikiti ya Christchurch. Siku ya sita waziri mkuu, Jacinda Ardern, alitangaza kwamba bunduki za aina ile basi, na alasiri hiyo hiyo amri ikaanza kufanya kazi, makusudi, ili watu wasikimbilie madukani kujaza akiba. Sisi wa Dar tunaoelewa kwa nini foleni ya bodaboda kituo cha mafuta inakuwa ndefu Jumanne usiku, kabla EWURA hawajatangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Australia nao, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, walikubaliana sheria mpya ndani ya siku 12, kisha serikali ikanunua kutoka kwa wananchi bunduki zipatazo 650,000. Marekani hutangaza halafu hubishana miezi minne na duka liko wazi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni jambo jingine, ambalo sipendi kulizungumza kijiweni.

Mwaka mmoja baada ya zile oda kumi na moja, usiku, niliitwa mbio na majirani. Nyumba ya mteja wangu mmoja inawaka, moto umeanzia sebuleni kwenye waya wa friji. Chumba cha nyuma yumo bibi na mjukuu wa miaka saba, na dirisha lao lina grili yangu. Nilibeba grenda. Nafika, umeme wameshaukata, grenda imekuwa jiwe. Nikarudi kuchukua msumeno wa chuma na mtaimbo. Ile nondo ya milimita kumi na mbili niliyomsifia mwenye nyumba kwamba mwizi ataikata mpaka alfajiri, sasa naikata mimi, na upande wa ndani mkono wa mtoto umeshika nondo ya pili. Hakulia. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri dukani.

Kilichowatoa ni uzembe wangu. Pembe ya chini kushoto, siku ile ya haraka, niliichomelea doti mbili tu badala ya kuizungushia. Mtaimbo ulipoingia pale, fremu ikaachia. Mtoto alipita. Bibi alitoka na mguu umeungua mpaka leo anauburuza. Kama ningekuwa fundi mwaminifu ningewaua.

Nikiwa na hilo kichwani ndipo nilipokutana na kazi ya Phillip Levine na Robin McKnight, wachumi wa Chuo cha Wellesley huko Marekani, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2017. Walikadiria kwamba baada ya Sandy Hook ziliuzwa bunduki milioni 3 zaidi ya ambazo zingeuzwa, na kwamba katika miezi ile vifo vya bahati mbaya vya bunduki, mtu anasafisha, mtoto anachezea, viliongezeka kwa takriban 60. Kati ya hao 60, watoto ni 20. Nilirudia kusoma nikidhani nimechanganya na wale wa shuleni. Sikuchanganya. Ni 20 wengine, wa majumbani.

Tangu moto ule kila grili ya chumba cha kulala ninayotengeneza ina kidirisha chenye bawaba na kufuli kwa ndani. Bei inapanda kidogo, na wateja walioogopa hawakitaki. "Fundi, hiyo si ndiyo atakayoingilia mwizi?" Nimepoteza oda kwa sababu hiyo.

Mwezi uliopita alikuja mtu ninayemheshimu, ana leseni yake halali ya bastola, anataka nimtengenezee kisanduku cha chuma cha kuihifadhi, kifungwe ukutani. Kazi nzuri. Nilipima, nikakata bati la milimita nne, nikaweka kitasa. Nikamuuliza ufunguo utakaa wapi. Akasema pale pale mlangoni, kwenye msumari wa funguo za gari, mke asihangaike kuutafuta wezi wakija. Ana watoto watatu, mdogo yuko chekechea, nimemwona akipanda kiti kuchukua funguo za baba yake aende akawashe redio ya gari.

Nimemwambia kisanduku hakijakamilika. Amepiga simu mara mbili. Kiko hapa kibandani, nimeshakipaka rangi ya kwanza, ya pili sijapaka.

Fundi wa mageti,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam.