Mkono wa kushoto wa Seneta Inouye

Mhariri,

Hapa Kenya Barack Obama hana haja ya kutambulishwa. Lakini mtu aliyemfungua macho akiwa kijana wa miaka 11, mwaka 1973, ni wachache wanaomjua. Obama mwenyewe alimtaja kwenye mazishi yake Desemba 2012: Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, ambaye Obama alimtazama kwenye televisheni akiwahoji wakubwa katika kashfa ya Watergate, ile iliyomng'oa Rais Nixon madarakani. Naomba nafasi nimweleze.

Inouye alizaliwa Honolulu mwaka 1924, wazazi wake wakiwa wa asili ya Japani. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani hukohuko Hawaii, mwaka 1941, alikuwa mwanafunzi wa miaka 17, na siku hiyohiyo alikimbilia kuwahudumia majeruhi. Muda si muda serikali yake ikawahesabu vijana wa damu yake kuwa maadui, jeshini wasiingie. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1943, aliacha masomo ya kumwandaa kuwa daktari akajiunga na Kikosi cha 442, kilichokuwa cha Wamarekani wa asili ya Japani.

Walipokuwa mafunzoni, vijana wa Hawaii walikuwa wakigombana na wenzao wa Marekani bara kila mara, hata ngumi zikarushwa. Siku moja wakapelekwa kutembelea kambi ya Rohwer, Arkansas. Walikwenda wakiimba ndani ya basi. Walipofika wakakuta seng'enge, walinzi wenye bunduki, na ndani yake familia kama za wale wenzao wa bara, zilizofungiwa na serikali kwa sababu ya asili yao ya Japani. Inouye alisimulia kwamba safari ya kurudi ilikuwa kimya kitupu, kila mmoja akijiuliza kama yeye angejitolea kupigania nchi iliyowafungia wazazi wake. Ugomvi ukaishia hapo.

Aprili 21, 1945, karibu na San Terenzo, Italia, Luteni Inouye alikuwa tayari amepigwa risasi tumboni alipoinua mkono wa kulia kurusha guruneti kwenye ngome ya Wajerumani. Kombora likaupasua mkono ule, ukabaki unaning'inia, na guruneti lake likiwa bado limebanwa na vidole. Aliwafokea askari wake wasimsogelee, akalichomoa kwa mkono wa kushoto, akalirusha.

Wengi wakimsifu huishia hapo, nami naona tunamdhulumu. Mkono ulikatwa, ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji ikafa, akasomea sheria. Mwaka 1959 Hawaii ilipokuwa jimbo, aliingia Bunge la Marekani. Spika alipomwambia ainue mkono wa kulia aape, aliinua wa kushoto. Tangu 1963 hadi kifo chake alikaa Seneti, karibu miaka 50.

Na hakuisahau Rohwer. Mwaka 1980 alikuwa mstari wa mbele kupitisha sheria ya kuunda tume ya kuchunguza kufungiwa kwa watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani. Mwaka 1988 serikali iliomba radhi na kukubali kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Nishani ya juu kabisa ya vita yeye alivishwa mwaka 2000, miaka 55 baada ya San Terenzo.

Mhariri, siku mtakapochapa tena makala ya Obama kwa watoto wetu, tafadhali wekeni na picha ya Inouye pembeni.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Voi