Kaka, ile filamu aliyoitaka Baba imewekwa bure

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Ungekuwa unapokea simu nisingefika huku. Toka siku tuliyosoma arobaini ya Baba umenifungia WhatsApp, na maneno ninayompa wifi naona yanaishia kwa wifi. Lakini najua ukurasa huu unaupitia, maana nilipoandika habari za karafuu msimu uliopita ulimpigia Mama kumwambia bei niliyoitaja siyo. Basi nimekaa njiani unapopita.

Habari yenyewe ni moja. Filamu ya maisha ya Profesa Abdus Salam, yule mwanafizikia wa Pakistani aliyepata Nobel, ipo mtandaoni, bure, mwenye kutaka anaitazama. Bure ya watu wa mbali lakini, maana hapa Chake imenilia bando la wiki nzima kwa usiku mmoja. Niliiegemeza simu kwenye buli la chai, Mama keshalala, ikakwama mara tatu. Mara ya tatu ilikwama uso wake umejaa kioo kizima, ndevu na miwani, mdomo wazi kama anayetaka kuniuliza kitu, na kile kiduara kinamzungukia puani. Nikacheka peke yangu. Halafu nikalia, kwa sababu niliyokuwa nikiijua mimi tu.

Baba aliiomba filamu hii. Alisikia habari zake kwa mwalimu mwenzake wa zamani aliyekuja kumtazama. Wakati ule maneno yalikuwa yakimtoka nusu nusu, lakini "Salam" alikuwa akilitamka lote. Mara ya kwanza nikamwambia kesho. Mara ya pili nikamwambia bando limeisha, Baba. Halikuwa limeisha. Nilikuwa nimechoka, Kaka, na ukitaka kujua uchovu gani, njoo umgeuze mtu mzima kitandani mara nne kwa usiku, ubadilishe shuka, kisha alfajiri ukafundishe. Wewe ulikuwa ukituma pesa, sikatai, na kila mwezi zilifika. Pesa hazimgeuzi mtu ubavu. Mara ya tatu Baba hakusema kitu, alinyoosha kidole kwenye simu, na mimi nikajifanya sikuona.

Hilo ni langu. Nimelisema mbele za watu, sasa sina la kufichwa, na la kwako nitalisema vile vile.

Ila kwanza unikumbuke ulivyokuwa. Unazikumbuka bakora za maalim? Vidole vyako vya shoto vilivimba hata kifungo cha kanzu ukawa huwezi kukifunga, nikakufungia mimi, mdogo wako. Baba hakwenda kugombana na maalim. Hakuwa mtu wa hivyo, na mpaka leo sina hakika kama alifanya vyema. Alikuita pembeni ya jamvi tulipokuwa tukichambua karafuu, akakwambia chambua kwa mkono unaoutaka, halafu akaanza ile hadithi yake.

Kulikuwa na kijana, akasema, mwaka 1956, anarudi London kutoka mkutanoni Marekani, kapata nafasi katika ndege ya jeshi. Ndege imejaa watoto wa askari, wanalia usiku kucha. ("Kama meli ya Mkoani," ukasema wewe, na Baba akasema barabara, kama meli ya Mkoani.) Usingizi hana. Anawaza: mbona maumbile, katika ile nguvu dhaifu inayozifanya atomi nyengine zioze, yabague kulia na kushoto? Akaikumbuka chembe moja inayoitwa neutrino, nyepesi mno, inayoipenya ardhi nzima bila kubisha hodi, akaona jawabu limo humo. Chembe hizo ni za shoto. Haijawahi kuonekana hata moja ya mkono wa kulia.

"Na nani aliyeziumba?" Baba akakuuliza. Ukasema Mungu. "Alikosea?"

Hukujibu. Ulichambua karafuu zako kwa shoto mpaka Magharibi ikaingia, na mimi nikaona wivu, kwa sababu mie wa kulia sikuwa na chembe yangu.

Na mwisho wa hadithi je? Kijana alimpelekea fikra yake Wolfgang Pauli, mkubwa wa zama zile, mtu aliyeibashiri neutrino yenyewe mwaka 1930. Pauli akarudisha jawabu kwa mdomo wa mtu: mpe salamu rafiki yangu Salam, mwambie afikirie kitu bora zaidi. Haikupita muda. Januari 1957 majaribio yakathibitisha kwamba maumbile kweli yanabagua, na Nobel ya mwaka huo wakaipata Lee na Yang, wanafizikia wengine wawili waliokuwa wamesema hivyo. Pauli akaandika barua ya kuomba radhi. Mkubwa kwa mdogo, kwa maandishi. Kipande hicho Baba alikuwa akikirudia sana, na mimi nilidhani anakirudia kwa ajili ya fizikia.

Ulipokuja likizo ya mwisho, presha ilikuwa imekwisha kumpiga na upande wa kulia umekufa. Alikishika kijiko cha uji kwa shoto, kikamwagika chote kifuani, akakutazama wewe, akasema, pole pole, "Nimekuwa neutrino." Ulicheka mpaka ukatoka nje. Nilikufuata, nikakukuta umeegemea mnazi umejifunika uso kwa kofia. Kaka yangu ni yule. Aliyekuja mazikoni sijui nani alimtuma.

Siku ya tatu. Hitma imekwisha kusomwa, wanawake wako uani wanaosha masinia, wewe umekaa kitandani kwa Baba na ile bahasha ya Trieste, kule Italia alikokwenda Baba, juu ya magoti. Nikaingia kukuuliza kahawa. Picha ulikuwa nayo mkononi, ile ya 1986 ya ngazini, Salam katikati na suti yake, Baba mwisho kabisa, nusu ya uso imeliwa na bega la mtu. Ukaigeuza. Nyuma yake Baba aliandika kwa kalamu ya wino, kwa hati yake ile iliyolala kama nyasi: "Trieste, 1986. Na ndugu yangu Mwislamu, Prof. Salam."

Ulichomoa kalamu ya biro mfukoni. Nilidhani unataka kuandika jina la mtu aliyeleta rambirambi. Ukaliwekea neno moja mstari. Kisha ukarudi juu yake, ukaenda, ukarudi, ukaenda, mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye M. Nikaisikia ile sauti ya kalamu inapokwaruza. Na ulikuwa ukikata kwa mkono wa shoto.

Hukuinua macho. Ukasema, "Hili lisingemfaa kitu kaburini."

Na mimi nikakuuliza kahawa uitaka na tangawizi au bila. Ukasema na tangawizi. Nikaenda nikaitia tangawizi.

Najua ulitaka nini. Najua waliyoyasema maulamaa juu ya Ahmadiya, madhehebu ya Salam, na najua kuwa Pakistani wenyewe, kwao Salam, waliandika katika katiba yao mwaka 1974 kwamba watu wa madhehebu yake si Waislamu. Mimi sikutoa fatwa wala siitoi hapa, na wanaotaka kunijibu kwa fatwa nawaomba wajihifadhie. Nasema juu ya hati ya Baba. Mkono ule wa kulia ulikuwa umekufa kabla yake. Hataandika tena, na yale maneno machache nyuma ya picha yalikuwa miongoni mwa yaliyobaki. Kama Baba alikosea, lilikuwa kosa lake yeye, na kwa hati yake.

Usiku ule filamu ilipokwisha nilianza kulitafuta kaburi. Salam alifia Oxford, 21 Novemba 1996, baada ya maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyomnyang'anya mwendo kwanza na sauti baadaye (Baba hakuwa akijua kwamba anamfuata mpaka katika hilo). Akarudishwa kwao, akazikwa Rabwah. Jiwe lake liliandikwa kwamba yeye ni Mwislamu wa kwanza kupata Nobel kwa kazi ya fizikia. Neno "Mwislamu" likafutwa, mengine yakaachwa. Sasa ukilisoma jiwe linasema yeye ni wa kwanza kupata Nobel, kama kwamba kabla ya 1979 hakuna aliyewahi kuipata. Nikalitazama kwenye simu lile doa jeupe palipokuwa na neno, nikainuka kwenda kuitoa bahasha kabatini. Niliviweka viwili pamoja mezani, simu na picha. Sikuwa na haja ya kuambiwa kitu na mtu.

Na siku alipoipokea hiyo Nobel Stockholm, kwa kazi ya kuonyesha kwamba ile nguvu dhaifu na nguvu ya umeme na sumaku asili yake moja, alikwenda na kilemba cheupe na viatu vyenye ncha iliyopinda, akasimama karamuni mbele ya wafalme akasoma Qur'ani. Nadhani utataka kujua alisoma nini. Surat al-Mulk, aya ya 3 na ya 4. Huoni tofauti yoyote katika uumbaji wa Mwingi wa Rehema. Rudisha jicho, je, unaona ufa? Tabaraka ile ile, Kaka. Tuliyokuwa tukiisoma kila usiku kabla ya kulala, wewe ukiongoza kwa kuwa ndiwe uliyekwisha kuihifadhi, mimi nikisinzia kwenye aya ya kumi.

Uliwahi kusema, na Mama akanipa, kwamba Baba aliyamaliza maisha yake kwa chaki. Kwamba angebaki Ulaya. Salam mwenyewe alirudi Lahore mwaka 1951 na elimu yake ya Cambridge, wakamwambia achague kazi ya ziada, akachukua timu ya mpira. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye fizikia. Mwaka 1954 akaondoka, na jambo hilo likamkera hata mwaka 1964 akafungua kituo chake cha fizikia Trieste, ili mtu wa nchi kama zetu aende, ashibe, arudi kwao, asilazimike kuchagua. Baba alikuwa mmoja wa waliorudi. Alirudi na sanduku zima la karatasi, kwenye skuli ambayo maabara yake ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ufunguo umepotea. Alifundisha sumaku kwa dainamo ya baiskeli yake mwenyewe. Wewe na fani yako ya umeme huko Maskati, dainamo ile ndiyo iliyokupeleka.

Na mimi? Nilikuwa na barua ya chuo kikuu Dar es Salaam, uliiona. Hakuna aliyeniambia nibaki. Baba aliniambia nenda. Lakini baada ya wewe kuondoka nani angebaki na Mama, na ile miguu yake? Sikulaumu. Niliamua mwenyewe, na darasa langu la leo lina wasichana wawili wanaonishinda kwa hesabu, nami nimefurahi. Nasema tu kwamba mtu aliyebaki ana haki ya kuulizwa kabla biro haijatolewa mfukoni.

(Mabati ya upande wa jikoni yanavuja, fundi anasema yasisubiri vuli. Na dawa za Mama zimebaki za siku tisa. Wasomaji mnisamehe, hana njia nyengine ya kuyapata haya.)

Nilikuwa nimekuja kukuomba kitu. Wifi kanambia mwanao wa kati anaandika kwa shoto na unamfunga kitambaa mkononi wakati wa kuandika. Anayekufanya uone vibaya ni nani, Kaka, maalim yule? Keshakufa naye, Mungu amrehemu. Mfungue mtoto, umkalishe umuonyeshe filamu. Huko kwenu intaneti haikwami. Kama hutaki amuone Salam, basi mhadithie tu ile ndege na watoto wanaolia, bila kutaja jina. Jina umelizoea kulikata.

Hapana, hili la mwisho sikulitaka. Liache hapo, nimechoka kufuta.

Maana nilijaribu kufuta. Juzi nilinunua spiriti dukani, nikachovya pamba kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, nikawasha taa ya meza, nikaanza kwenye ile M. Niliona wino wa biro yako unalegea, nikafurahi, nikaendelea taratibu, pamba ya pili, ya tatu. Wako ni wa buluu mbivu, wa Baba mweusi uliopauka. Ulipoanza kutoka wako ukatoka na wake. Nikasimama, lakini "ndugu yangu" ilikwisha kuingia ukungu, na ile "Mw" sasa haipo kabisa, si chini ya mistari yako wala popote. Limebaki tundu dogo, ukiliinua kwenye taa unaona mwangaza upande wa pili, pale ngazini, karibu na kiatu cha Baba.

Picha nimeirudisha kwenye bahasha. Ukija Sikukuu iko kabatini, droo ya chini, chini ya kanzu zake.

Mdogo wako,
Chake Chake